Ngoma Ile Si Yangu

Mume wangu ni fundi friji, na ni mtu wa shuku. Nasema haya mbele yake, kwa hiyo si umbea. Jirani akimsalimia mara mbili kwa siku moja, atajibu mara zote mbili kwa adabu, halafu akishafunga mlango ananiuliza, "Yule anataka nini?" Akipewa vidonge ishirini na kimoja duka la dawa, anavihesabu palepale kaunta, kimoja kimoja, foleni nzima inamsubiri. Binti yetu alipozaliwa alisoma kile kibandiko cha mkononi mara tatu. Akamtazama mkunga, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. Mimi! Nimelala pale sijiwezi, naye ananikagua kama karani wa forodha. Ukimwambia amezidi, anakujibu, "Wasiwasi ndiyo akili."

Watu wa mtaa wetu wanadhani alizaliwa hivyo. Wapi! Siku aliyoanza naijua, maana nilikuwepo.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, anajifunza ufundi kwenye karakana ya friji na viyoyozi. Mchana alichomelea mabomba ya gesi, jioni alipiga dramu. Kaka yangu, niliyemfuata kuzaliwa, ndiye aliyekuwa rafiki yake. Walikuwa chanda na pete, ukimwita mmoja wanaitika wawili. Kaka alikuwa mpiga rangi za nyumba, na kwenye kundi lao aliimba na kupiga gitaa. Besi ilipigwa na kijana mrefu tuliyemwita Ngazi. Kundi lilijiita Kutu, na muziki wao ulikuwa wa panki: nyimbo za dakika mbili, kasi, makelele, na maneno ya kumgombeza kila anayejifanya mkubwa. Mama yetu alisikia mazoezi yao mara moja tu, akatoka jikoni mbio kuuliza nani ameumia.

Kutu waliishi miezi minane. Walipiga maonyesho saba, na kwenye mawili umeme ulikatika. Mara moja ulikatwa makusudi. Kampuni kubwa za muziki hazikupokea hata salamu zao. Aliyewapokea alikuwa mtu mmoja mwenye lebo yake mwenyewe, lebo ya mtu mmoja, ofisi yake chumba cha nyuma cha duka la miwani. Tulimwita Mzee wa Kaseti ingawa hakuwa na hata miaka thelathini na mitano. Aliwarekodi kwa mashine zake kuukuu, akapeleka tepu kiwandani, zikatoka santuri ndogo mia tatu. Upande mmoja wimbo "Usinipangie", upande wa pili "Foleni". Majalada yote mia tatu niliyakunja na kuyagundisha mimi, kwa gundi ya unga niliyoipika mwenyewe. Kwa hiyo mtu asiniambie sijui habari za santuri ile.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Siku ya kurekodi, mume wangu, ambaye wakati ule alikuwa bado hajawa mume wa mtu, alipiga ngoma zake asubuhi. Ilipofika saa saba ikambidi akimbie kazini, maana bosi wake alikuwa hana mchezo. Kaka na Ngazi wakabaki kumalizia, kaka aingize sauti. Mume wangu anatoka mlangoni, anakutana na nani? Mpiga dramu wa bendi ya hoteli. Mtu mzima, shati limepigwa pasi, vijiti vyake ndani ya mfuko wa ngozi. Wakasalimiana. Mume wangu akaenda zake kazini, lakini ile salamu haikumshuka vizuri.

Baada ya wiki sita boksi likaja. Tukajazana kwenye chumba kile cha nyuma, kaka, Ngazi, Mzee wa Kaseti, mume wangu na mimi, nimevaa gauni langu la njano la heshima. Mzee wa Kaseti akaweka sindano. Jamani, wimbo ule ulikimbia! Sisi wengine tulirukaruka kwa furaha. Kaka alinishika mikono akanizungusha. Mume wangu hakuruka, aliinama karibu na spika.

"Ngoma ile si yangu," akasema.

Kaka akacheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kucheka. "Ya nani basi, ya shangazi yako?"

"Ngoma yangu ndogo ina sauti nzito. Hii nyembamba. Na mimi siwezi kupiga kwa kasi hiyo, na wewe unajua siwezi. Mmemwingiza yule wa hotelini."

"Naapa kwa mama yangu ni wewe."

"Usimwapie mama yako kwa ngoma ya mtu mwingine."

Akatoka kabla beti ya kwanza haijaisha. Nikamkimbilia mpaka barabarani, akaniambia kitu kimoja tu: kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hasira aliigawa dramu yake kwa shule ya jirani. Kutu ikafa, na santuri yake ikawa ya kwanza na ya mwisho.

Utaniuliza, na wewe ukaolewaje na mtu wa namna hiyo? Nilishampenda kabla. Moyo haurudi dukani kubadilishwa. Nilijiambia shuku ni homa, itashuka. Haikushuka, ikasambaa. Kama rafiki wa kufa na kuzikana aliweza kumfanyia vile, alisema, basi wa dukani je? Wa benki je? Kwa miaka ishirini na sita mume wangu na kaka yangu hawakuzungumza. Mimi nikawa posta. "Mwambie mume wako mtoto wangu ameanza shule." "Mwambie kaka yako nimesikia." Kaka alikuja kuwaona wanangu saa ambazo mwenye nyumba ametoka kwenda kwa wateja, kama mtu anayekwepa mbwa. Iliniuma. Sikuwa na kaka mwingine, na sina.

Mwaka huu sauti ya kaka ikaanza kukwaruza. Akasema ni vumbi la rangi. Akanywa asali, akanywa tangawizi, akavaa skafu kwenye jua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alipofika kwa daktari ilikuwa kansa ya koo, na daktari akasema bila kuzunguka: ili apone, lazima waondoe kisanduku cha sauti chote. Alhamisi, saa tatu asubuhi. Ataishi, akasema daktari, lakini kuzungumza hatazungumza tena.

Jumapili nilikwenda wodini. Kaka alikuwa anaandika kwenye daftari ili asichoke koo. Akafungua kikabati cha pembeni, akatoa santuri, kwenye jalada lile lile nililolikunja mimi, gundi bado imeshika. Akaandika: "Mpelekee. Asikilize mpaka mwisho. Mwambie aje kabla ya Alhamisi, bado ninaweza kusema." Nilisoma mara mbili kwa sababu machozi yalinizuia kuona.

Jumatatu nikamkabidhi mume wangu. Mimi ninafanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri, nikitoka saa nane mchana nyusi zimejaa unga. Nilimkuta karakanani kwake mbele ya nyumba, amelifungua friji la watu mgongoni. Akaishika santuri kwa ncha za vidole. Akaigeuza. Akaisogeza kwenye taa.

"Kwa nini sasa?" akauliza.

"Kwa sababu Alhamisi wanamtoa sauti."

"Nani kasema?"

"Daktari."

"Karatasi umeiona? Ya vipimo? Maana mtu anaweza kulazwa kwa jambo dogo, akatumia nafasi hiyo kumwita mwenzake aje apige magoti."

Nisikudanganye, nilitaka kumtwanga na ile spana yake. "We mwanamume!" nikamwambia. "Kaka yangu anaandika kwenye daftari kama mtoto wa darasa la kwanza, wewe unataka karatasi? Nimekubeba miaka ishirini na sita na shuku zako. Umemshuku muuza nyanya, nimenyamaza. Umemshuku mwalimu wa watoto, nimenyamaza. Umenishuku mimi kitandani kwa mkunga, nimenyamaza! Hili sinyamazi. Alhamisi ikipita hujaenda, usiniite mama watoto tena, tafuta jina jingine."

Akaiweka santuri juu ya meza, akarudi kwenye friji lake, akafunga skrubu, akaifungua tena ileile.

Jumanne nilikwenda ghorofa ya pili ya jengo letu, kwa mwalimu mstaafu, kuazima mashine yake ya santuri. Ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, haijaguswa miaka mingi. Nikaifuta, nikaiweka mezani sebuleni, mlango wazi makusudi ili anayejifanya hasikii asikie. Nikaweka sindano kwenye "Usinipangie".

Nikajua hapohapo kuna kitu hakiko sawa. Wimbo ulikuwa mzito, unatembea badala ya kukimbia. Nikasema basi, mashine ya watu imeharibika, nimejitia aibu bure. Lakini sauti ya kaka! Ilikuwa sauti yake hasa, ile ya kuniitia chakula utotoni, yenye kifua ndani. Siku ile kwa Mzee wa Kaseti ilitoka nyembamba, na kaka mwenyewe akasema ni mafua aliyokuwa nayo wakati wa kurekodi. Tukaamini. Nani anajua mayowe ya mtu yanatakiwa kuwa na kimo gani? Nikakaa kitini nikasikiliza.

Beti ya pili ikafika. Ngoma ikapiga mbili, ikasita, pakalia kama kitu kimegonga ukingo wa bati, kisha ikaendelea kwa unyonge, kama inapigwa na mkono mmoja. Juu yake kaka akapiga ule ukelele wake mrefu, ambao haumo kwenye maneno ya wimbo. Ukelele ule wote tulioupenda wimbo tuliukariri. Mimi nilidhani siku zote ni furaha ilimzidi.

"Rudisha hapo."

Nikageuka. Mume wangu alikuwa mlangoni, ameshika kopo la gesi. Nikarudisha sindano. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Nikarudisha tena bila kuambiwa.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Umejuaje leo?"

"Kijiti kiliniponyoka." Alisema polepole, kama mtu anayekiri polisi. "Beti ya pili. Kikagonga ukingo, kikaanguka, nikapiga kwa mkono mmoja mpaka nikachomoa kingine. Walikuwa wamenipa mgongo, hakuna aliyeona. Sikumwambia mtu. Nilikuwa najisifu kwamba mimi sikosei, ningesemaje? Yule wa hotelini hawezi kuangusha kijiti palepale nilipoangusha mimi."

Fundi ni fundi. Hakulia, alivuta mashine. Akabandika kipande cha plasta katikati ya santuri, akashika saa yake, akanionyesha kidole ninyamaze, akahesabu mizunguko ya dakika nzima. Akahesabu tena, maana ni yeye. Arobaini na moja. Akahesabu mara ya tatu.

"Inatakiwa arobaini na tano," akasema. "Mpira wa kuzungushia umelegea kwa kukaa, ndiyo maana inakwenda taratibu. Na hapa inapokwenda taratibu ndipo ngoma yangu inapotoa sauti yake." Akakaa chini, sakafuni. "Mota. Mashine ya kunakilia tepu ya Mzee wa Kaseti ilikuwa na mota inayokimbia. Kila kitu kikapanda. Ngoma yangu, gitaa, sauti ya kaka yako. Vyote."

"Na wewe ni fundi wa mota," nikasema. Sikuweza kujizuia.

"Na mimi ni fundi wa mota."

Nikadhani yameisha. Nikaanza kumhurumia, nikamletea maji. Akanywa nusu, akainua macho. "Lakini yule wa hotelini," akasema, "alikuja kufanya nini pale?"

Nilimrushia kitambaa cha vyombo, kikampata usoni.

Jumatano, saa ya kutazama wagonjwa, alivaa shati jeupe na viatu vya kufunga. Njiani aliniuliza kama kaka alisema aje peke yake au tuje wote. Akauliza kama kutakuwa na watu wengine. Langoni mwa hospitali akamshuku mlinzi kwa kumtazama sana. Nikamshika mkono sikumwachia, nikamvuta mpaka kitanda namba sita.

Kaka alikuwa amekaa, mto mgongoni, amekonda kuliko Jumapili. Mume wangu akasimama miguuni pa kitanda. Miaka ishirini na sita yote ilikuja ikasimama katikati yao, na mimi nikaanza kupanga machungwa kikabatini, machungwa ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa.

"Shemeji," mume wangu akasema.

Kaka akaandika, akageuza daftari. "Umesikiliza mpaka mwisho?"

"Nimesikiliza. Ngoma ni yangu." Akasogea hatua moja. "Beti ya pili kijiti kiliniponyoka. Sikukuambia. Sikumwambia mtu yeyote."

Kaka akaandika neno moja: "Najua."

"Unajuaje? Ulikuwa umenipa mgongo."

Kaka akaitazama kalamu, akaiweka chini pembeni ya daftari. Nikamwambia, "Kaka, daktari kakataza." Akanipungia mkono niache.

"Tulikisikia kwenye tepu," akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, inakatika, ikabidi tuinamie kitanda. "Wewe umeshakwenda kazini. Mzee wa Kaseti akasema huyu kaharibu. Akasema yule wa hotelini nimemwita, yuko hapo nje, aingie apige upya."

Mume wangu akashika chuma cha kitanda. Kumbe aliona kweli! Kwa miaka yote hiyo hakuwa ameota, mtu aliletwa pale kuchukua nafasi yake, na nilijiona mjinga kwa jinsi nilivyomcheka.

"Nikakataa," kaka akasema. "Nikamwambia, bila huyu hakuna wimbo. Akaniambia basi lifiche hilo kosa, mimi siuzi santuri yenye kosa. Ndipo nikapiga ule ukelele. Nililifunika kwa sauti yangu, lisisikike."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameacha kutafuna.

"Neno moja tu lingetosha," mume wangu akasema. "Siku ile ile. Ungeniambia, wewe uliangusha kijiti, ningejua ni mimi."

"Mbele ya Ngazi? Mbele ya huyu?" Kaka akaninyooshea kidole. "Ulikuwa unamtaka. Ulikuwa umejisifu kwake wiki nzima. Nikuaibishe mbele yake?"

"Na baadaye?"

"Baadaye ulikuwa hupokei hata salamu zangu."

Mume wangu alilia. Alilia kwa sauti, wodini, shati jeupe na yote, na kaka akamwachia alie. Mimi nilikuwa na hasira nao wote wawili hata sijui nianzie wapi. Mmoja alificha kosa lake, mwingine akamfichia, na ushahidi wote ulikuwa ndani ya kosa hilo. Miaka ishirini na sita mimi nabeba salamu!

Kisha mume wangu akajifuta kwa mkono wa shati, akasema, "Rudia."

Namjua. Akitaka kumnasa mtu kwenye uongo humwambia arudie, halafu anapima la kwanza na la pili. Kaka naye alimjua, akakunja uso. Nikajisemea, Mungu wangu, hata hapa, hata leo.

"Sina shaka, shemeji," mume wangu akasema. "Nakuamini. Nataka kukusikia tu. Kesho sitakusikia."

Kaka akasafisha koo, ikamuuma, nikaona. Akarudia. Bila huyu hakuna wimbo. Mume wangu akavuta kiti mpaka goti lake likagusa kitanda, akamwomba tena, na kaka akasema tena, kila mara sauti ikizidi kuchakaa, mpaka muuguzi akaja kutuambia muda wa wageni umekwisha. Kesho yake saa tatu asubuhi wakampeleka kwenye upasuaji.